Kitambi Kilichopaa

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeshtuka. Asubuhi, nikielekea dukani kununua chumvi, nimepita mbele ya nyumba ya Habibu na kuona cheti. Kimetundikwa barazani ndani ya fremu ya dhahabu, kinatazama barabara. Habibu, jirani yangu, aliyekuwa mkuu wa stesheni kule Gulwe kabla ya kustaafu, amepewa cheti katika maonyesho ya wakulima kwa kutengeneza mashine ya kubangulia karanga kutokana na gurudumu la baiskeli. Baiskeli!

Nimesimama nikakisoma chote. Kimeandikwa "washindi wa kwanza". Mshindi ni mmoja. Nimemweleza kosa hilo kwa upole. Amejibu kwamba kosa hilo halimnyimi usingizi, kisha akaniuliza mimi, Gideoni, mwalimu wa Kiswahili na mkaguzi wa shule maisha yangu yote, nimebuni nini tangu nistaafu. Sikuwa na jibu. Nimerudi nyumbani bila chumvi.

Mchana mke wangu, Mama Ruthu, alipika wali na maharage. Nilikula kwa hasira, yaani sana. Nikalegeza mkanda wa suruali. Tumbo likatanuka. Nikaukaza. Tumbo likarudi. Nikalegeza tena. Mama Ruthu aliuliza kama ninaumwa.

Siumwi. Nimeona kila kitu! Chombo cha angani. Puto refu, kubwa, lenye gesi nyepesi ndani na mikanda nje. Ukiilegeza mikanda, tumbo linatanuka na chombo kinapanda. Ukiikaza, tumbo linasinyaa na chombo kinashuka. Hakuna haja ya kumwaga gesi wala kutupa mifuko ya mchanga. Ni kubadilisha umbo tu. Masika ijayo, maji yatakapoikata reli kule Gulwe, chombo changu kitapita juu na magunia ya mahindi, na Habibu atainua uso.

Nimekipa jina: Chombo cha Anga chenye Umbo Geuzi. Kitaruka Alhamisi.

Jumanne, 19 Agosti

Siku ya vifaa. Nailoni nzito ya kutengenezea mfuko wa gesi nimepata. Mtungi wa gesi ya maputo ya sherehe unakuja kutoka mjini. Mikanda nimeomba kwa Ulimboka, kiongozi wa vijana wa bodaboda hapa Ihumwa. Ni ile mipira wanayofungia mizigo. Inavutika vizuri.

Ulimboka amenisalimu shikamoo kwa heshima, kisha akaharibu kila kitu kwa kuuliza "hii kitu" itabeba abiria wangapi. Nimemwambia ni "kitu hiki". Ameomba radhi. Alipoona mchoro wangu, wenye tumbo na mikanda, alicheka mpaka akakaa juu ya pikipiki yake, akawaita wenzake waje kukiona "Kitambi". Jina limeenea kijiwe kizima kabla sijaukunja mchoro. Nimeudhika. Lakini nimekagua: kitambi, vitambi. Ngeli ni ileile ya chombo. Angalau upatanisho wa kisarufi hauharibiki.

Tatizo moja. Mikanda ya mpira haitelezi juu ya nailoni, inaikwaruza na kuitoboa. Panahitajika vazi la nje, laini, linaloteleza. Yaani satini.

Mama Ruthu anayo satini. Ndiyo kazi yake: anakodisha hema kubwa na vitambaa vya kupambia harusi. Vile vyeupe ndivyo vizuri zaidi, na vimeahidiwa Jumamosi kwa harusi ya Shamimu, binti wa Habibu. Wageni wanatoka mpaka Busi. Mwaka jana, sufuria zake kubwa zilipasuka katika jaribio langu la mvuke siku mbili kabla ya kipaimara cha watu, na tangu hapo wateja wamempungukia. Aliniambia wakati ule, bila kupandisha sauti, kwamba shughuli moja zaidi ikiharibika hakuna mtu Ihumwa atakayemwita tena, naye atahamia Gulwe kwa dada yake, na mimi nitajipikia.

Nimetafakari jambo hili kwa uzito. Chombo kitaruka Alhamisi na vitambaa vitarudi kabatini Alhamisi hiyohiyo. Sijaviiba. Wala sijaviazima, kwa kuwa kuazima hudai ruhusa ya mwenye mali. Neno sahihi ni kwamba nimevitanguliza.

Jumatano, 20 Agosti

Mama Ruthu yuko mjini kutwa akitafuta maua ya plastiki. Hali nzuri ya kazi. Nimeshona satini mwenyewe kwa cherehani yake. Mshono umepinda kidogo upande wa kushoto, lakini hewani hakuna atakayeuona.

Jioni nimewafundisha vijana wa bodaboda kushika kamba. Chombo kitazuiwa na kamba pande zote, na lazima wote waziachie kwa wakati mmoja, la sivyo kitapinduka. Kwa hiyo panahitajika neno la amri. Ulimboka alipendekeza "Achia!"

Nilishtuka. Nimewasimamisha mstari na kuwaeleza kwamba "achia" ni kauli ya kutendea. Humwachia mtu kitu. Hapa anaachiwa nani? Upepo? Kijana mmoja alisema ndiyo, upepo. Nimempuuza. Nimekataa pia "achilia", kwa sababu ni neno refu, na upepo wa Agosti haungoji mtu amalize silabi. Amri ni mzizi wenyewe, mtupu, safi: "Acha!" Nikitamka "Acha", kila mkono unafunguka, bila kuuliza, bila kutazamana.

Tumefanya mazoezi kwa kamba iliyofungwa kwenye gari bovu. Mwanzoni waliachia mmoja mmoja, ovyoovyo. Nikarudia. Nikarudia tena. Kufikia magharibi, nikitamka tu, mikono yote inafunguka kama ya mtu mmoja. Ulimboka aliniambia kwamba sasa hata akiisikia usingizini ataacha.

Habibu alisimama ng'amboni mikono nyuma, kama anayengoja treni. Aliuliza kwa sauti kama Kitambi kimeshiba au bado kinaongezewa wali. Vijana wakacheka. Atacheka nani kesho?

Alhamisi, 21 Agosti

Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi tulikijaza gesi uwanjani nyuma ya nyumba. Kilianza kuinuka polepole, cheupe, kinang'aa, na mikanda yake ikikibana kiunoni. Kamba kuu, inayoikaza mikanda yote kwa pamoja, niliishika mwenyewe. Nikalegeza. Tumbo likatanuka. Chombo kikapanda mpaka juu ya paa la nyumba, kamba za vijana zikinyooka. Nikakaza. Kikasinyaa, kikashuka mpaka mabegani mwetu. Nikalegeza tena, kikapanda! Kilifanya yote niliyoyaandika Jumatatu. Yote!

Habibu alikuwa amesogea karibu. Alivua kofia yake, akaishika mkononi. Ni mara ya kwanza tangu tujuane Habibu kukosa neno. Ningetaka siku iishe pale.

Haikuisha. Mama Ruthu alitokea kwenye kona ya nyumba na kapu la maua. Alikitazama chombo. Alitabasamu hata, kama mtu aliyeona kitu kizuri. Kisha nikaona macho yake yanafuata mshono. Upande wa kushoto, ule uliopinda.

Hakupiga kelele. Aliweka kapu chini, akaja moja kwa moja, akalikamata pindo la satini linaloning'inia, akaanza kulivuta. Mikanda ikateleza. Nailoni ikalia. Kidogo tu ingepasuka, na gesi yote ingepotea mbele ya Habibu! Nilitamka neno moja, lile ambalo mume yeyote angelitamka.

"Acha!"

Mikono yote ikafunguka. Yote, kwa pamoja, bila kuuliza, bila kutazamana. Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kutiiwa namna ile. Nami, naona aibu kuandika, mkono wangu uliifungua kamba kuu pamoja na mingine.

Mtu pekee ambaye hakuacha ni yule niliyemwambia aache. Mama Ruthu alishikilia pindo. Mikanda ikiwa imelegea kabisa, chombo kiliruka juu kwa nguvu kubwa, naye akanyanyuka nacho, kiatu kimoja kikabaki chini. Kisha pindo likachanika, akatua kwa makalio kwenye mchanga akiwa na kipande cha satini mkononi. Hakuumia. Alikaa palepale akikitazama Kitambi kinaelekea magharibi, kinazidi kuwa kidogo, cheupe kama jino.

Ulimboka alinigeukia. "Mwalimu, si ulisema acha?"

Nilisema. Ndiyo maana sikuwa na la kumjibu. Mara ya pili wiki hii.

Habibu alivaa kofia yake. Aliuliza, taratibu, kama vitambaa vile si vya harusi ya binti yake.

Ijumaa, 22 Agosti

Kitambi kimepatikana. Gesi ilikiishia, kikatua katika shamba la zabibu la Sila, kikalala juu ya mizabibu yenye zabibu mbivu kama kuku anayeatamia. Tumekwenda na Ulimboka na Mama Ruthu, mimi na Mama Ruthu kila mmoja amepakiwa pikipiki yake.

Sila hakutaka kukitoa. Alisema ndege wamemlia zabibu msimu mzima, hawaogopi kopo wala sanamu, lakini tangu dude hili lianguke kutoka mbinguni hakuna hata mmoja aliyekaribia. Aliomba libaki mpaka mavuno yaishe. Nimeguswa sana. Nilikuwa nimeanza kumweleza kanuni za umbo geuzi Mama Ruthu alipotukatiza. Alimwambia Sila atamletea maturubai mawili ya zamani yenye rangi nyeupe, yapepee atakavyo. Sila akakubali. Hakuniuliza mimi, mbunifu.

Vitambaa! Nimeshtuka kuvitazama. Vimelowa maji ya zabibu. Madoa ya zambarau kila mahali, makubwa, madogo, mengine yana mbegu. Mama Ruthu alivifumua kimoja kimoja, akavirudishia mikunjo yake. Mkono wake ulikuwa mtulivu kupita kiasi. Nimeona mikono ya namna ile kwa walimu wanaosahihisha mtihani wa mtoto wao wenyewe.

Kisha akamwomba Sila zabibu zilizooza, ndoo kwa ndoo. Kutwa nzima yeye na Ruthu, binti yetu, wameziponda kwenye beseni na kuvichovya vitambaa vyote, vilivyochafuka na vilivyo safi, mpaka vyote vimekuwa zambarau. Nilijitolea kusaidia. Ruthu aliniomba nikae mbali na beseni, mbali na kamba ya kuanikia, na ikiwezekana mbali na Ihumwa.

Jioni alikuja Mwajabu, mke wa Habibu. Hapa hata mimi nilisimama mlangoni nikisikiliza. Aliagiza vyeupe, na alikuwa na haki ya kuvikataa. Mama Ruthu hakujitetea. Alimwambia ukweli wote, kisha akasema kama havimpendezi asilipe hata senti, na hatamlaumu. Mwajabu alikishika kitambaa, akakisogeza kwenye mwanga wa jua linalozama. Akasema Shamimu tangu utotoni anapenda zambarau, ila walidhani haipatikani.

Mama Ruthu alipomsindikiza na kurudi, aliongea nami kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Baba Ruthu, kesho usishike kamba. Usishike kipaza sauti. Kaa."

Neno "kaa" lina maana nyingi. Kuna kaa la moto na kuna kaa wa majini. Lakini nimemwelewa.

Jumamosi, 23 Agosti

Naandika nikiwa jikoni peke yangu. Chai nimejichemshia mwenyewe. Imeungua. Sikujua kwamba chai huungua.

Harusi ilianza vizuri. Ndoa imefungwa msikitini asubuhi, na baadaye wageni wakaketi chini ya hema kubwa la Mama Ruthu, zambarau juu, zambarau pembeni, watu wa Busi wakigusa vitambaa na kuuliza vimetoka wapi. Wanawake wawili walimwomba namba ya simu mbele yangu. Nilimwona anatabasamu. Nilikaa, kama nilivyoagizwa, katika kiti cha mstari wa nyuma.

Kisha upepo. Upepo wa Agosti, wenye vumbi jekundu. Ulilichukua hema chini kwa chini na kuling'oa kwenye vigingi. Lakini Ulimboka na vijana wake walikuwapo, wakazidaka kamba, kila mmoja kwenye nguzo yake, wakalishikilia imara muda wote. Sikugusa kitu. Naomba hilo likumbukwe.

Mshereheshaji ni kijana kutoka mjini mwenye suti inayometa. Tangu alipoanza alikuwa akisema "ukumbi huu nzuri" na "keki hii kubwa inapendezea macho". Nilivumilia. Nilifumba macho. Nilihesabu ngeli zote kwa mpangilio, mbele na nyuma. Bibi harusi aliposimama ili aingie katikati, kijana yule akamgeukia mpiga muziki na kutamka kwa kipaza sauti, mbele ya watu wazima na watoto wa shule:

"DJ, achia ngoma!"

Achia! Ngoma anaachiwa nani? Nilitazama huku na huku. Hakuna aliyeshtuka. Watu waliosoma, wengine niliwafundisha mwenyewe, walikuwa wanapiga makofi. Miguu yangu ilisimama yenyewe. Nilipita katikati ya meza. Nilimwomba yule kijana kipaza sauti kwa adabu, naye akadhani ni mzee anayetaka kubariki, akanipa.

Nilimwona Mama Ruthu upande wa pili. Alikuwa akitikisa kichwa, polepole, macho yamemtoka. Nilidhani naye amekerwa na kauli ya kutendea.

"Samahani, ndugu wageni," nilisema. "Si 'achia'. Kwa usahihi ni 'acha'."

Mikono yote ikafunguka.

Hema halikuanguka. Ningependa hilo lieleweke, kwa kuwa watu wanasema lilianguka. Hema lilipaa. Liliinuka lote, pana, likiwa na vitambaa vyake vya zambarau vikipepea chini yake kama pweza, jua likatuangukia utosini ghafla, na watu wote wakatazama juu midomo wazi. Lilibaki pale. Halikuyumba. Kisha likavuka barabara, kamba zake zikafagia baraza la Habibu na kukiangusha cheti. Kioo kimepasuka. Sikufurahi. Naandika hivyo ili ijulikane kwamba sikufurahi.

Hakuna aliyeumia. Pilau iliingia mchanga. Mashangazi wa Busi walijifunika khanga na kuendelea kula keki chini yake. Shamimu alicheka mpaka wanja ukamtiririka, akasema hakuna harusi nyingine itakayokumbukwa kama yake, na akawaambia wapige muziki juani. Wakapiga. Habibu alicheza bila kofia.

Mama Ruthu hakucheza. Aliokota vitambaa kimoja kimoja barabarani. Wale wanawake wawili waliotaka namba yake sikuwaona tena.

Jumapili, 24 Agosti

Asubuhi Mama Ruthu amefungasha begi. Bajaji ilikuwa inangoja nje, injini inanguruma. Nilimfuata mpaka barabarani nikiwa na ndala. Nilitaka kumweleza kwamba kosa halikuwa langu bali la kitenzi, kitenzi chenye maana mbili ambacho taifa zima linakitumia bila uangalifu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hajawahi kunisikiliza mpaka mwisho.

"Nakuacha," alisema.

Nafsi, wakati, yambwa, mzizi. Sentensi nzima katika neno moja, na hakuna kosa hata la kusahihisha. Nilitafuta.

Aliingiza mguu kwenye bajaji, akalivuta begi, akanigeukia.

"Wiki mbili. Nakuacha na hema. Likunje, ulifue, na watu wakija kuuliza habari zangu, usiwajibu kitu. Nikirudi nikakuta limeguswa na mkasi, Baba Ruthu, hiyo sentensi nitaifupisha."

Bajaji ikaondoka. Nilibaki nimesimama kwenye vumbi. Habibu alikuwa barazani kwake akigundisha fremu. Aliniita kwa mkono. Nilikwenda. Mwajabu alinimiminia chai, nzuri, isiyoungua, na Habibu akaniambia kwamba Mama Ruthu ni mtu adimu, na kwamba mimi nina bahati kuliko akili. Aliniambia nikunje hema leo, nilifue kesho, na keshokutwa nipande treni niende Gulwe kumfuata, nikiwa na hema safi na mdomo uliofungwa. Yeye mwenyewe atanisindikiza, maana stesheni ile anaijua. Nilimshukuru kwa dhati. Niliahidi. Machozi yalinilengalenga.

Nimerudi uani. Hema lipo, limelala chini. Nimelitazama kwa muda ili nijue nianzie kona ipi kukunja.

Jambo la ajabu. Upepo mdogo ulipita, na tumbo lake likatanuka. Upepo ukaisha, likasinyaa. Likatanuka. Likasinyaa. Bila mkanda! Umbo geuzi lenyewe, bila msaada wa mtu. Jana lilivuka barabara na vitambaa vya mapambo vyote, pasipo gesi kabisa. Nikiweka mfuko wa gesi ndani, na mikanda michache tu kiunoni, bila mkasi, maana mkasi umekatazwa, nitawasili Gulwe kwa njia ya anga, nikiwa juu ya reli yake Habibu, na Mama Ruthu atatoka nje ya nyumba ya dada yake na kuniona. Hakuna mwanamke asiyesamehe kitu kama kile.

Kosa pekee lilikuwa neno. Nimetafuta tangu mchana na nimelipata neno jipya la amri. Fupi. Halina kauli ya kutendea wala ya kutendewa. Halinyambuliki, kwa hiyo hakuna anayeweza kuliharibu. Nimempigia Ulimboka simu nikamwambia kuanzia sasa tunafuta lile la zamani: watafungua mikono pale tu watakaposikia "Haya".

"Haya, Mwalimu," amejibu.

Nimefarijika. Kijana mwepesi. Ameanza mazoezi tayari.